Chumba cha Kuanikia

Shuka lilikuwa na joto. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Mama Pacha angepaswa kulitilia shaka, kwa sababu chumba kile cha kuanikia kilikuwa hakijatumika tangu hoteli iliponunua mashine za kukaushia, na shuka lililosahaulika kambani miaka yote hiyo halina sababu ya kuwa na joto la mwili wa mtu. Lakini siku hiyo hakuwa na nafasi ya kutilia shaka kitu chochote. Alikuwa ameingia mle kutafuta mahali pa kulilia.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na miti ya Mama Pacha ilikuwa imeanza kuteleza tangu asubuhi. Alikuwa dobi katika hoteli kubwa, kule chini kabisa ambako wageni hawafiki na jua halifiki, na kwa miaka tisa alikuwa ameijua kazi ile kama anavyojua njia ya kwenda jikoni kwake. Siku hiyo kazi ikamkana. Fyuzi ya pasi kubwa ilikatika, ikatengenezwa, ikakatika tena. Mlango wa mashine ulimbana kidole. Halafu maji ya bomba yakabadilika katikati ya ufuaji, na vitambaa vya meza vya harusi ya ghorofani, vilivyoingia vyeupe, vikatoka na mabaka ya kutu yenye rangi ya chai.

Msimamizi wao walimwita Kipenga, kwa kuwa sauti yake haikuwa na chini, ilikuwa na juu peke yake. Aliwakusanya madobi wote, akakinyoosha kidole mpaka kikakaribia kugusa pua ya Mama Pacha.

"Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa na bado hujui kutazama maji kabla ya kufungulia mashine?"

"Bosi, maji yalianza yakiwa safi. Yaligeuka katikati."

"Maji yaligeuka. Na pasi nayo iligeuka? Kila kitu humu ndani kinageuka, ila wewe huna kosa."

Mama Pacha akamtupia jicho Bibi Wanga. Huyu alikuwa mama mtu mzima, kazi yake kutia wanga kola za mashati, na kila mfanyakazi mpya aliposikia jina lake alimwogopa, akidhani ni mwanga wa kuruka na ungo, mpaka aonyeshwe ndoo na mwiko wake. Bibi Wanga alikuwa amesimama pale bombani maji yalipogeuka. Aliyaona kwa macho yake mawili, hata akaguna, "Eh, maji gani haya?" Sasa aliinamia ndoo yake kana kwamba kuna barua ndani anaisoma.

"Na ile ruhusa yako ya saa nane," Kipenga akamalizia, "isahau. Vitambaa vyote utavirudia kwa mkono."

Ruhusa ile Mama Pacha alikuwa ameiomba wiki mbili kabla. Binti zake pacha, wenye umri wa miaka saba, walikuwa wasimame mbele ya wazazi shuleni na kughani shairi. Walikuwa wamelikariri asubuhi na jioni, kwa kelele, hata baba yao, ambaye tangu zamani aliwaita mmoja Redio na mwingine Spika, akasema shairi lenyewe sasa analijua kuliko wao. Mama yao aliwaahidi kwamba atakaa kiti cha mbele.

Saa nane ilimkuta ameinama kwenye karai, anasugua. Saa tisa ilimkuta palepale, vidole vimekunjamana kama zabibu kavu, akijua kwamba shairi limekwisha na kwamba watoto wamekitazama kiti cha mbele wakaona mtu mwingine. Hapo ndipo alipofuta mikono, akapita nyuma ya matangi ya maji ya moto, akasukuma mlango wa chumba cha kuanikia, na kuutia uso wake wote ndani ya shuka la kwanza lililokuwa mbele yake.

Akalia. Alipomaliza kulia akaanza kusema. Alisema kwa sauti ndogo, meno yamebanana, maneno yakipenya kitambaa moja baada ya jingine.

"Kile kidole chake anachonisontea, natamani kikauke kama kijiti." Akavuta pumzi. "Na wewe Bibi Wanga, kama unaona kweli halafu unanyamaza, basi nyamaza moja kwa moja." Akavuta pumzi tena, na lililofuata lilitoka kwa uchovu kuliko kwa hasira. "Na sasa nikifika nyumbani, ni kelele nyingine. Natamani siku moja, moja tu, niingie ndani nikute kimya."

Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetapika. Akajitoa kwenye shuka ili aende zake.

Shuka likabaki na uso. Paji, mashimo ya macho, pua, na mdomo, vyote vimejichora katika kitambaa cheupe, na kwa sekunde mbili alidhani ni alama ya uso wake mwenyewe iliyoachwa na machozi. Lakini mdomo ule ulikuwa wazi, wake ulikuwa umefungwa. Kisha kitambaa penye mdomo kikavutwa kwa ndani, polepole, kama vile mtu aliye upande wa pili alikuwa anavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba.

Mama Pacha alitoka mle haraka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijiambia kuwa ni mvuke wa matangi. Nyumbani Redio na Spika walimnunia kwa muda usiozidi robo saa, kisha kwa kuwa kununa kulihitaji ukimya wakakuacha, wakamghania shairi lote mara mbili juu ya kiti. Akawapigia makofi. Shuka akalisahau.

Asubuhi ya pili Kipenga alifika kazini mkono wa kulia akiwa ameutumbukiza mfukoni. Alitoa amri zake za kila siku kwa kidevu. Lakini mazoea yana taabu. Alasiri, mtu mmoja alipolikosea kapu la taulo, mkono ukatoka wenyewe kumwonyesha, na madobi wote wakaona. Kidole cha shahada kilikuwa kimekauka, chembamba, rangi ya gome, na ukucha wake umejikunja kama ganda la mbegu.

"Nimeamka kiko hivi," Kipenga alisema, na kwa mara ya kwanza wakamsikia akisema chini. "Daktari amekichoma sindano. Hakiumi. Ndicho kinachonitisha, kwamba hakiumi."

Wengine walisema pole. Mama Pacha naye alisema pole, kisha akainama upesi kwenye rundo la taulo, kwa sababu alikuwa anatabasamu. Aliona aibu, lakini tabasamu halikumsikiliza. Kitu kitamu kilikuwa kimempanda kutoka tumboni hadi mashavuni, na alipokuwa bado anakionja ndipo ilipomjia harufu: harufu ya nguo mbichi iliyofungwa kwenye mfuko siku nyingi, harufu ya shuka la mgonjwa asiyegeuzwa. Akanusa taulo. Taulo zilinukia sabuni. Akanusa mkono wa gauni lake. Harufu ilitoka kwake.

"Bado mawili," sauti ikasema sikioni mwake, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake foleni.

Aligeuka. Hakukuwa na mtu ila Bibi Wanga, hatua tano kutoka pale, akikoroga ndoo yake.

"Bibi, umesema kitu?"

"Mimi? Sijafungua kinywa." Bibi Wanga aliuweka mwiko chini, akapangusa mikono, akasogea. Alionekana hakulala vizuri. "Ila nilikuwa na neno na wewe, mwanangu. Jana niliona haya hata kukutazama. Yale maji, mimi nili—"

Sauti ikakatika. Haikufifia, haikukwama kwa kikohozi; ilikatika kama bomba lililofungwa. Midomo ya Bibi Wanga iliendelea mbele kwa maneno matatu manne kabla yeye mwenyewe hajagundua. Akajishika koo. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakamtoka, na hakuna hata mguno uliopatikana. Alipiga teke ndoo kwa kuhangaika, wanga ukamwagika sakafuni, na wenzao wakakimbilia kumkalisha chini, huyu akimpepea, yule akimpigapiga mgongoni.

"Bado moja," ile sauti ikasema.

Mama Pacha akasimama katikati ya wanga uliomwagika, akahesabu. Kidole. Kunyamaza. Akalikumbuka la tatu.

Hakuomba ruhusa. Alipanda ngazi za nyuma mbilimbili, akatoka barabarani na aproni yake kiunoni, akakimbia katika jua la saa kumi akiwapita watu waliogeuka kumtazama, akipita duka la vioo na kituo cha mafuta na ukuta mrefu wa shule ambao nyuma yake hapakuwa na watoto tena kwa kuwa walikwisha toka, walikwisha fika nyumbani, walikwisha vua viatu, na kila alipojaribu kujiambia kwamba yale yalikuwa maneno tu, maneno ya mtu aliyechoka, ambayo kila mama duniani ameyasema, harufu ile ya nguo mbichi ilikuwa inakimbia naye, bega kwa bega, haimpiti wala haibaki nyuma, mpaka akafika kwenye kona ya mtaa wake, kona ambayo kwa miaka yote saba hajawahi kuifikia bila kuzisikia sauti za wanawe, akasimama, akatega sikio, na hakusikia kitu.

Mlango ulikuwa umerudishiwa. Alipovuka kizingiti, mlio wa barabara ulikatika nyuma yake kama uzi. Ndani, bomba la jikoni lilikuwa linadondosha matone, na aliyaona yakigonga sufuria, na hayakuwa na sauti. Alivuta kiti kilichomzuia njia, na miguu ya kiti ikaburuzika sakafuni bila sauti. Akaita majina ya wanawe. Alihisi koo likitetemeka, masikio yake hayakupata chochote.

Walikuwa chumbani, wameketi kitandani ana kwa ana, wamefunikwa shuka moja jeupe lililowafuata maumbo ya vichwa na mabega. Halikuwa shuka la nyumbani. Kwenye pindo lilikuwa na mstari wa buluu wa hoteli.

Alilivuta. Lilikuwa zito, limelowa, lina joto, nalo lilimvuta yeye pia kabla ya kuachia. Chini yake Redio na Spika walikuwa macho, wanatazamana, midomo yao ikienda pamoja kwa mwendo alioujua mstari kwa mstari. Walikuwa wanaghani shairi. Walighani hadi mwisho, wakaanza upya, na sauti haikuwapo.

Mume wake alimkuta amewakumbatia wote wawili, mdomo wazi. Mlango ulipofunguliwa kutoka nje ndipo kilio cha Mama Pacha kilipopata sauti, ghafla, katikati yake. Za watoto hazikurudi.

Baba Pacha alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, mtu wa maneno machache. Aliwagusa wanawe mapaji ya uso, akawaita, akapiga makofi mbele ya macho yao. Kisha akauliza, "Nani amewafanya hivi?"

"Mimi," alisema mke wake.

Akamweleza yote, hata tabasamu. Mume alisikiliza, akatikisa kichwa mara moja, akamchukua Redio mgongoni. "Mchukue mwenzake," alisema. "Twende kwa Fundi."

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshona viatu kwenye kibanda mtaa wa pili, na viatu ndivyo vilivyomlisha. Mambo mengine aliyafanya kwa kuwa alirithishwa na hakupata wa kumwachia. Walimkuta ana sindano ya kushonea soli mdomoni na mlima wa viatu vya shule miguuni, na uso wa mtu ambaye siku yake pia haikuwa nzuri. Hakuwaambia waketi. Aliwatazama watoto, akamnusa Mama Pacha begani, akaitoa sindano mdomoni.

"Ulisemea wapi?"

"Kwenye shuka. Kazini. Nilikuwa na hasira."

"Hasira si kosa. Nimekuuliza ulisemea wapi kwa sababu kuna majini yanayokaa mahali watu wanapotupia maneno. Ninyi mnadhani mnatua mzigo, kumbe kuna anayepokea. Lile halitungi neno lake. Halina. Linabeba lile unalolipa, likalifikisha kwa njia yake."

"Basi litoe," Baba Pacha alisema. "Litoe kwa watoto."

"Nitalifukiza, kazi yangu ni hiyo. Lakini moshi haulinyang'anyi jini kitu lilichopewa kwa hiari." Akamgeukia Mama Pacha. "Lile neno lina mwenyewe. Ulikuwa umpelekee mwenyewe, ukampelekea jini. Kesho utalirudisha. Mtu kwa mtu, macho kwa macho, mlemle chumbani, lisikie linanyang'anywa. Anza na la kwanza. Na uniletee wote, mwenye kidole na mwenye koo, na hawa."

"Nitafukuzwa kazi."

Fundi alikigusa kifua cha Spika kwa viganja viwili, akasikiliza kwa mikono. "Kimya hushuka," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa kipo kooni. Keshokutwa kitakuwa hapa. Wewe amua unaogopa lipi."

Kulipokucha walikwenda wote. Kumpata Bibi Wanga hakukuwa kazi. Alikuja akiwa amefunga kanga shingoni, macho mekundu. Kipenga ndiye aliyesumbua. Alisema hana muda wa upuuzi, kuna mashuka ya ghorofa nne yanangoja. Lakini alipowaona watoto wamelazwa juu ya nguo safi kwenye toroli la taulo, midomo inacheza, aliwafuata nyuma ya matangi bila kuuliza la pili.

Chumba cha kuanikia hakikuwa kama Mama Pacha alivyokiacha. Alikuwa amekumbuka shuka mbili tatu. Sasa kamba zote zilikuwa zimejaa, safu nyuma ya safu mpaka ukuta wa mwisho usionekane, na zote zilikuwa zinapanda na kushuka taratibu kwa pumzi moja. Fundi, na aproni yake ya ngozi, aliweka kikopo cha makaa katikati ya sakafu, akatia ubani, akaanza kusoma maneno yake kwa mnong'ono. Moshi ulipogusa shuka za mbele, nyuso zikatokea. Si moja. Kila shuka na wake.

"Sema," sauti ikasema kutoka kila upande, kwa upole uleule. "Umechoka. Njoo usemee hapa."

"Usilijibu," Fundi alisema. "Mjibu huyo."

Mama Pacha akamgeukia Kipenga. Alikitazama kile kidole kikavu, kisha akalazimisha macho yapande hadi usoni.

"Juzi uliniaibisha mbele ya watu," alisema. "Maji yaligeuka, nikakwambia, hukutaka kusikia. Ulininyima ruhusa niliyoiomba wiki mbili kabla, na wanangu walinitafuta kwa macho hawakuniona. Nilipaswa kukwambia palepale. Sikukwambia. Nilikuja humu nikaomba kidole chako kikauke, na kilipokauka nilifurahi. Hilo ndilo neno langu, nakupa mwenyewe."

Shuka zikaacha kupumua. Kipenga alikuwa amefungua mdomo, na Mama Pacha akajiandaa kwa ile sauti ya juu, kwa kufukuzwa, kwa lolote. Lakini kabla hajasema, shuka moja la kando likazungumza, na lilizungumza kwa sauti ya Kipenga.

"Yule mwanamke na aonje," lilisema. "Wa juu wamenitukana kama mtoto kwa ajili ya shati alilolipeleka halina kifungo. Na aonje siku kama yangu. Kila akigusacho kimharibikie."

Jingine likadakia kwa sauti ya Bibi Wanga, jingine kwa sauti ya dobi aliyestaafu zamani, jingine kwa sauti ya mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka, mpaka chumba kizima kikawa kinanong'ona miaka yote ya hasira iliyowahi kuteremka ngazi zile, laana juu ya laana, kila moja kwa sauti ya aliyeiacha, na Kipenga akaegemea ukuta kama mtu aliyekatwa miguu.

"Mimi pia nakuja humu," alisema. "Kila wiki. Nilidhani ni mimi peke yangu." Aliufuta uso wake kwa mkono ule mgonjwa bila kukumbuka. "Siku moja kabla ya yale maji, hayo ndiyo niliyoyasema. Juu yako. Fyuzi, kutu, yote... Mama Pacha, siku yako mbaya niliitengeneza mimi."

Alipoushusha mkono, kidole kilikuwa kimerudi na damu yake. Kilikuwa chekundu, kimevimba, na kinauma; alikishika akaguna kwa maumivu, karibu na kucheka.

"La pili," Fundi alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Upesi."

"Bibi Wanga. Wewe ni kama mama yangu humu ndani. Uliona, ukaniacha nizame. Liliniuma kuliko la bosi, kwa sababu kwake sikutarajia kitu. Nikaomba unyamaze moja kwa moja."

Bibi Wanga alijishika koo. Midomo ikahangaika. Kisha ikatoka sauti yenye kutu, ya chini, iliyokwaruza. "Niliyaona," alisema. "Yale maji niliyaona. Niliogopa kazi yangu." Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti, na hakuna kilio kilichowahi kumfurahisha Mama Pacha namna hiyo.

Ikabaki toroli. Alipiga magoti, akawashika wanawe mikono. Ilikuwa baridi. Midomo ilikuwa imeanza kupunguza mwendo, kama saa inayokwisha ufunguo.

"Wanangu, mama alisema neno baya. Alisema anataka kimya. Lakini sikumaanisha, mama hakumaanisha hata—"

Shuka zote zikacheka. Hazikucheka kwa nguvu. Kilikuwa kicheko kidogo cha mtu anayekujua. Redio akafunga macho. Mdomo wake ukasimama.

"Usidanganye hapa," Fundi alisema, na sasa naye alikuwa na hofu. "Neno la uongo halirudi kwa mwenyewe. Linabaki nalo."

Mume wake alimwekea mkono mgongoni. Mama Pacha akainama mpaka paji lake likagusa mapaji ya watoto, na harufu ile ya ugonjwa ikamjaa mapafuni.

"Nilimaanisha," alisema. "Nilikuwa nimechoka, na nilitaka mnyamaze. Kuna siku natembea polepole kurudi nyumbani ili nichelewe kuwasikia. Nawapenda, na kuna siku siwawezi. Siku hiyo ilikuwa moja. Nilipaswa kuwaambia ninyi: mama amechoka, mpeni dakika kumi. Nikaliambia shuka. Nisameheni."

Kisha Spika akavuta pumzi, kubwa, ya mtu anayeibuka majini, akapiga ukelele, na Redio akampokea palepale, wote wawili kwa sauti zote walizonyimwa tangu jana, ukelele uliogonga kuta na matangi na ngazi, na shuka zikaanza kuanguka. Safu kwa safu zilianguka, zikimwaga maji machafu ya vuguvugu sakafuni, nyuso zikipasuka kama mapovu, na ile sauti ya upole ikawa inasema "sema, sema, sema" ikipungua hadi ikawa mlio wa maji yanayoingia kwenye shimo la bomba. Baada ya hapo kilibaki chumba chenye kamba tupu na shuka tatu kuukuu zenye ukungu. Fundi alizichoma mwenyewe kwenye tanuri la matangi. Halafu akasema viatu vinamngoja, akaondoka.

Kipenga hakumfukuza Mama Pacha. Hakugeuka malaika pia. Sauti yake ilirudi juu siku ya tatu. Tofauti ni kwamba sasa alipopandisha, kulikuwa na mtu wa kumwambia, "Bosi, hapo umeonea," naye alibishana, akafoka, akaondoka, na mara nyingine akarudi akasema haya, nimeonea. Kule chini kukawa na kelele kuliko zamani. Jioni Mama Pacha alifika nyumbani akasema mlangoni, "Dakika kumi," na Redio na Spika walimpa dakika tatu, ambazo kwao ni nyingi.

Kelele zile ziliwafikia wakubwa wa ghorofani, nao hawakuzipenda. Ikaletwa barua kwamba mfanyakazi hatajibizana tena na msimamizi wake. Mwenye lalamiko atafuata utaratibu. Siku iliyofuata fundi seremala alikuja akapigilia ukutani, kando ya saa ya kazini, sanduku jipya la mbao lenye kufuli na mwanya mwembamba juu. Pembeni kulikuwa na karatasi nyeupe na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Andika, kunja, tumbukiza.

Wengi waliona ni nafuu. Kuandika kunapunguza mzigo kuliko kunyamaza, na ni rahisi kuliko kusema. Karatasi zikawa zinaingia kila siku. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, mwezi. Hakuna aliyewahi kumwona mtu akija na ufunguo.

Alasiri moja Mama Pacha alimkuta dobi mpya, msichana mwenye zamu yake ya tatu tu, amesimama mbele ya sanduku na karatasi iliyokunjwa mkononi. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Umeandika nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Hasira tu, mama. Nimetapika yote. Najisikia mwepesi."

Mama Pacha aliweka kiganja juu ya mbao. Zilikuwa na joto, na zilikuwa na unyevu. Akaondoa mkono, akaunusa, akauficha nyuma ya gauni.

"Usiitie humo, mwanangu. Mpelekee mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?" msichana aliuliza. "Hawa wa juu mimi siwajui. Sijawahi kumwona hata mmoja."

Mama Pacha alifungua mdomo amwambie, akagundua kwamba katika miaka tisa yeye pia hakuwahi. Na walipokuwa wamesimama pale wakitazamana, ule mwanya wa juu ya sanduku ukajifungua kidogo, ukavuta pumzi.